Gari Lilikaguliwa, Bunduki Haikuulizwa

Baba,

Nimekaa kwenye meza ya kulia, upande wako, maana kiti changu kimelegea mguu na hakuna wa kukigonga. Nimeshasali alasiri, nimeshafagia uwani, na kazi nyingine ya kunishughulisha sina. Nyumba imenyamaza. Zamani nilikuwa nikilalamika kwamba redio yako inanipasua kichwa. Siku hizi naifungua nikiamka na kuiacha iseme peke yake mpaka jioni, hata bei za pamba na korosho nazisikiliza, mimi nisiye na mti mmoja wa korosho.

Bado napika wali mwingi. Mkono haujazoea kumpimia mtu mmoja. Unaobaki nampelekea Mama Nuru wa nyumba ya pili, naye hupokea sahani, akanitazama kwa jicho la huruma ambalo silipendi. Kaka Salim alikaa mpaka matanga yakaondolewa, akaongeza siku kidogo, kisha akarudi bandarini Mombasa kwenye kazi yake. Alitaka nifuatane naye. Nilimwambia siwezi kuiacha nyumba. Sikumwambia kwamba lililonishinda kuliacha ni gari.

Nakuandikia kwa sababu jana kulitokea jambo. Nilipofika nyumbani nilikuwa na maneno tele mdomoni, nikafungua mlango nikaita, "Baba!" kabla sijakumbuka. Nikasimama pale na ufunguo mkononi. Hakuna mwingine wa kumsimulia. Basi nakusimulia wewe, na itabidi nianze nyuma, maana mengi yalitokea ulipokwisha kwenda.

Unamkumbuka Ami Lali alivyokuja kutaka kufundishwa gari. Mtu mzima, mwenye duka la mabati na misumari karibu na soko, mwenye shamba la korosho na mahindi huko upande wa Adu, amechoka kungoja madereva wasiokuja. Alidhani utamkabidhi usukani siku hiyo hiyo. Wewe ukamkalisha kwenye ubao wako wa mji wa mfano, ukampa kigari cha mbao, ukamwambia akitembeze mpaka ajue nani apite kwanza kwenye mzunguko. Nilikuwa jikoni nikimsikia akihema kama anabeba gunia. Alianguka mtihani mara ya kwanza kwenye ubao kama huo wa mkaguzi, na mara ya pili akaangusha pipa alipokuwa akirudi nyuma.

Siku ile ya pipa alikasirika. Alikuja hapa akakuomba uende kumsemea kwa mkaguzi, kwa kuwa mnajuana. Nakumbuka ulivyomjibu, kwa sauti ile yako ya chini.

"Bwana Lali, nikikuombea leseni pengine utaipata. Lakini siku utakapokuwa peke yako njiani, mimi sitakuwapo kukanyaga breki."

Alinuna, hakuonekana kwa muda, kisha akarudi. Nawe ukaniambia mimi, wakati tunakula, kwamba mtu yule ana moyo mzuri ila mkono wake una haraka.

Asubuhi ile ya siku yako ya mwisho aliomba somo lifanyiwe njia ya shambani, ili afike akawaone vibarua wake. Alikuja na kitu kirefu amekizinga kikoi, akakilaza kiti cha nyuma. Ilikuwa bunduki yake ya marisau, ya mitutu miwili, ile kuukuu aliyoinunua kwa mkulima mmoja aliyekuwa akihama. Nyani walikuwa wanammalizia mahindi. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika chupa ya chai yenu.

Ukamwuliza, "Ina risasi?"

"Haina, Mwalimu. Nimeitoa."

Ulikitazama kidogo kile kikoi. Kisha ukafanya kama kawaida yako: ukalizunguka gari, ukayagonga magurudumu kwa kiatu, ukahakikisha kibao chekundu cha L kimefungwa mbele na nyuma, ukamtaka Ami Lali apime vioo. Uliponipokea chupa uliniambia nisikungoje kwa chakula cha mchana. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, Baba. Nisikungoje.

Yaliyofuata niliyasikia mahakamani, kwa mdomo wa Ami Lali mwenyewe. Mlikuwa mmeshapita Mambrui, na mvua ilikuwa imeikata barabara mifereji. Gurudumu likatumbukia. Bunduki ikateleza kutoka kitini, ikaanguka chini, mdomo wake ukaelekea mbele, na mshindo ule ukaifyatua. Ndani ya mtutu mmoja risasi ilikuwamo. Alikuwa ametoa ile ya mtutu wa kulia, akasahau kwamba wa kushoto nao una yake.

Ikapita kwenye mgongo wa kiti chako.

Ami Lali alisema mbele ya watu wote kwamba aliposikia mlio aliuachia usukani, na mguu wake ukakanyaga mafuta badala ya breki. Gari lilikuwa linakwenda mtaroni. Halikufika mtaroni kwa sababu mguu wako ulikuwa umeshaikanyaga breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu. Alipogeuka kukutazama, gari limesimama, na mguu wako bado uko pale pale. Lori la chumvi likakuchukua. Hukufika hospitali.

Tulikuzika Takaungu, karibu na mama, kama ulivyotaka. Watu walikuja wengi mpaka ile njia nyembamba ya msikitini ikaziba. Wengi walikuwa wanafunzi wako. Mwalimu Mutiso naye alikuja, yule Mkamba mwenye gari la kufundishia la upande wa pili wa mji, uliyekuwa ukigombania naye wanafunzi. Alisimama nyuma na kofia mkononi. Wakati wa kuondoka alimwambia Salim, "Mzee huyu alininyang'anya wateja wengi, na sikuwahi kuweza kumchukia."

Matanga yalipokwisha tulikwenda, Salim na mimi, kulichukua gari kituoni. Hapo ndipo jambo hili liliponiingia, na mpaka leo halijanitoka. Afisa aliyetukabidhi alikuwa mpole, na kazi yake aliifanya barabara. Gari lilikuwa limekaguliwa lote. Breki zimepimwa, magurudumu yametazamwa, taa zimewashwa na kuzimwa. Walitaka waone bima. Walitaka waone leseni yako ya kufundisha, na ile ya Ami Lali ya kujifunzia, kama haijapitwa na muda. Waliuliza kama vibao vya L vilikuwa mahali pake. Kila kitu kilikuwa sawa, Baba. Nilijua kitakuwa sawa.

Nikamwuliza kuhusu bunduki. Akasema bunduki ina kibali halali.

Nikangoja aendelee. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha Ami Lali kuitumia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilokuwa katika kazi yake, akasema kwa upole kwamba sheria haitaki hilo. Inataka mwombaji awe mtu mwenye tabia njema na haja ya kweli.

Tabia njema Ami Lali anayo. Haja anayo, nyani nimewaona kwa macho yangu. Lakini hata gari hukumpa kwa tabia njema.

Kesi ilisikizwa hapa hapa Malindi. Ami Lali hakukana chochote. Alisimama kizimbani amepungua, kanzu inamning'inia. Mwendesha mashtaka alimwuliza alijifunza wapi kutumia bunduki ile.

"Aliyeniuzia alinionyesha mahali pa kutia risasi."

"Na namna ya kuitoa?"

"Hakunionyesha. Nami sikuuliza."

Mimi nilikuwa nimekuja na chuki yangu nzima, Baba, nimeishika kama mtoto mgonjwa. Niliposikia "nami sikuuliza" ikanivunjika mikononi. Ungekuwapo ungekuwa umemwuliza. Ungemketisha kwenye ubao, ungempa bunduki ya mbao, ungemwambia atoe risasi ya kulia, atoe ya kushoto, afungue, achungulie, arudie, arudie tena, mpaka aheme.

Hakimu alimtoza faini na kumpa kifungo cha nje. Bunduki ikabaki kituoni, na ikasemwa kwamba baadaye anaweza kuomba arudishiwe.

Baada ya hapo mji ulirudi kwenye shughuli zake. Mimi sikuwa na pa kurudi. Ijumaa watu walipita, wakaniuliza hali, wakaenda zao. Mzee Kahindi wa Adu ndiye aliyedumu. Yule uliyemfundisha lori, ukakataa malipo ya mwisho kwa kuwa mke wake alikuwa amejifungua. Kila akija mjini huniletea mahindi au mihogo, akakaa kibarazani, hataki kuingia ndani kwa kuwa sina mwanamume nyumbani. Kwake nilithubutu kusema nililokuwa nikiliwaza. Nilimwambia bunduki ingewekewa sheria kama za gari. Mtu afundishwe, apimwe na mtu asiyemjua, apewe ya kujifunzia kwanza na mwenye ujuzi akiwa kando yake, na bunduki yenyewe ikaguliwe kila mwaka kama ina kutu au kama nyundo zake zimelegea.

Hakukubaliana nami. Unamjua, hasemi kitu ili kumfurahisha mtu.

"Mwanangu, huo mtihani utafanyiwa wapi? Nairobi? Mkulima wa Adu atafunga safari mpaka huko, na nguruwe mwitu wanamngoja arudi? Mwenye pesa atakipata cheti bila kufika. Hata leseni za gari wako waliozipata hivyo, na baba yako aliwajua. Na jambazi hatapanga foleni."

Akaongeza kwa huzuni, "Halafu gari lina sheria zote hizo, na barabara ya Mombasa inatumaliza vile vile."

Nilimpa maji, akanywa, akaenda kituo cha basi. Nilibaki pale kibarazani mpaka jua likanifuata kwenye kivuli. Yote aliyosema ni kweli. Nilikaa na kweli yake siku nyingi, na hakuna wa kubishana naye juu yake. Ungekuwapo tungebishana mpaka chai ikapoa.

Katika upweke huo ndipo nilipoamua kumaliza ulichokianza kwangu. Unakumbuka ulikuwa ukinipeleka jioni jioni kwenye uwanja ule mtupu, ukinifundisha gia, ukisema mtoto wa mwalimu hawezi kwenda kwa miguu. Salim alitaka gari liuzwe. Nilikataa. Nilikwenda kwa Mwalimu Mutiso, nikamwomba anifundishe kwa gari letu. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Watu walisema, bila shaka. Binti wa watu, buibui na usukani, na Mkamba pembeni. Mama Nuru alikuwa akija kukaa kiti cha nyuma ili maneno yapungue, akashika kamba ya mlango safari nzima huku akisoma dua kwa sauti.

Siku ya kwanza sikuweza. Salim alikuwa ameshakibadilisha kiti chako kitambaa, na gari lilikuwa limeoshwa mara nyingi, hata hivyo nilipofungua mlango miguu ilikataa. Mwalimu Mutiso hakunihimiza. Alikwenda kukaa kwenye ukuta, akafungua gazeti lake, akasoma. Nililia nikamaliza, nikajifuta, nikaingia. Yeye akaingia upande wako, akakanyaga ile breki ya pili kuipima, akasema tu, "Hii iko sawa." Nikaondoa gari.

Siku ya mtihani ikafika. Mkaguzi alikuwa mtu mgeni, kahamishwa kutoka bara, hakujua mimi ni nani wala wewe ulikuwa nani. Aliniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri. Washa gari." Tukaenda. Kwenye ubao hakunisaidia, kwenye kurudi nyuma hakunisaidia, na barabarani aliniambia nisimame ghafla bila kunionya. Nilikuwa nikifikiri njia nzima: mtu huyu hana ubaya nami wala hana mapenzi nami. Yuko hapa kwa ajili ya mtoto nisiyemjua atakayevuka barabara. Kama siko tayari, atanizuia. Ami Lali kwenye gari alipata mtu wa kumzuia mara mbili. Kwenye bunduki hakupata hata mmoja.

Nilipita, Baba. Nilitaka kukimbia nyumbani kukwambia. Badala yake nilikuja Takaungu. Niliteremsha gari kivukoni Kilifi peke yangu, mvuto ule wa mteremko ukinivuta kuelekea majini, nikalishika kwa klachi na breki kama ulivyonionyesha, yule kijana wa feri akanipungia mkono nisogee, nisogee. Kule Mnarani nikapanda upande wa pili bila kuzima injini. Nilikaa kaburini kwenu nikasoma Yasini, nikawapa habari wewe na mama. Hamkuniambia kitu. Nilirudi na feri ya mwisho ya watu wa soko.

Na njiani nikawa nimepata jibu la kumpa Mzee Kahindi, ingawa si jibu kamili. Wewe hukuwahi kuniahidi kwamba mtihani utazuia vifo. Ulisema mtihani unamtafuta asiye tayari. Tena gari limetengenezwa kubeba watu, na likiua limekosea njia. Bunduki imetengenezwa kuua. Haiwezi kuwa kwamba kile kinachobeba ndicho kinachodai mwalimu, na kile kinachoua kinatosheka na tabia njema. Kama mtihani uko mbali, uletwe karibu. Kama vyeti vinauzwa, wauzao wafungwe. Lakini kusema kwamba kwa kuwa wengine wataruka ukuta basi tusijenge ukuta, hilo moyo wangu haulikubali.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Siku chache zilizopita Ami Lali alikuja hapa. Tangu kesi hakuwa amekanyaga mtaa huu, akipita njia ya mbali kwenda msikitini. Alibisha hodi akasimama nje. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamtolea kiti kibarazani na kahawa. Alikishika kikombe bila kunywa.

Akaniambia muda wa kuomba bunduki umefika. Shambani hali mbaya, nyani wamekuwa na ujeuri wa kuingia mpaka ghalani, vibarua wanatishia kuondoka. Watoto wake wanamsukuma akaichukue. Yeye hajui. Usiku anausikia ule mlio. Kisha akasema aliyokuja kuyasema.

"Mwanangu, nimekuachia wewe. Ukisema nisiichukue, sitaichukua mpaka nife."

Nilikasirika, Baba. Nilikasirika kuliko siku ya kesi. Nilimwona amenibebesha mzigo wake. Nikitaka kusema usiichukue, nawaona wale vibarua na mahindi yao. Nikisema ichukue, nakuona wewe. Kahawa ikaacha kutoa moshi.

Mwisho nikamwambia simkatazi. Nikamwambia aichukue siku ambayo mtu anayejua atakuwa amemfundisha kama wewe ulivyomfundisha gari, na mtu mwingine, asiyemjua wala kumwogopa, atakuwa amempima na kusema Lali yuko tayari.

"Mtihani huo haupo," akasema.

"Najua, Ami."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona mabega yanatikisika, nikageuka nikatazama njia. Alipotulia akasema, "Basi ikae huko huko." Kisha akaniambia kwamba wakulima wa Magarini wamemwomba asimame kwenye mkutano wao mbele ya Mkuu wa Tarafa, aunge mkono ombi lao la kurahisishiwa vibali vya bunduki, kwa kuwa yeye ni mwenye shamba kubwa na serikali inamjua. Alikuwa ameshakubali. Sasa hajui atasema nini.

Nikamwambia aseme alichosema kizimbani. Si zaidi.

Mkutano ulikuwa jana. Dereva wake hakutokea, kama kawaida ya madereva wake, na yeye leseni bado hana. Akaja hapa kwa miguu kuniomba nimpeleke. Nikaenda kumwita Mama Nuru atufuate. Ami Lali alilifikia gari akasimama. Mlango wa mbele hakuuweza, wa nyuma hakuuweza. Nilimwona akivitazama viti vyote viwili, jasho linamtoka, na nikajua anachokiona kila upande.

Nikajisikia nikisema, "Kaa mbele, Ami. Mama Nuru anapenda nyuma."

Akakaa kiti chako. Tulipopita mahali pale, mifereji imeshafukiwa, na kama si yeye kufumba macho nisingejua ni hapo. Nilipunguza mwendo. Sikusimama.

Watu walikuwa wengi, wenye hasira, na haki yao. Mwanamke mmoja alionyesha mabua matupu ya mahindi, akasema watoto wake watakula haya. Mzee Kahindi alisimama akaomba bunduki kwa wakulima, akasema kwa ufasaha, watu wakampigia makofi. Kisha akaitwa Ami Lali. Alisema jina lako, Baba. Alisema, "Mwalimu wangu wa gari alikataa kunipa leseni kabla ya wakati, nikamkasirikia. Bunduki nilipewa siku niliyoiomba, nikafurahi. Gari halikumwua mtu. Mimi naunga mkono ombi lenu la bunduki, lakini iwe na mwalimu, iwe na mtihani, na mtihani uwe hapa hapa, si Nairobi. Bila hayo, msinihesabu."

Wengine walimzomea. Mmoja alisema amelishwa maneno na binti wa marehemu, na macho yakanigeukia nilipokaa nyuma ya akina mama. Mkuu wa Tarafa alisema sheria hutungwa juu, na yeye atayafikisha yaliyosemwa. Labda atayafikisha. Mkutano ukafungwa, na sheria iko vile vile ilivyokuwa asubuhi.

Lakini tulipokuwa tunaondoka Mzee Kahindi alikuja dirishani. Alisema bado anataka bunduki yake, nisije nikadhani amegeuka. Kisha akasema yuko askari wa wanyama aliyestaafu, huko Marafa, aliyeshika bunduki maisha yake yote, na yeye na wenzake kadhaa wataenda kumwomba awafundishe kutia na kutoa risasi kabla hawajaomba kibali chochote. Akamwuliza Ami Lali kama atakuja. Ami Lali akasema atakuja, ingawa yake haitatoka kituoni. Atakuja awaonyeshe mtutu wa kushoto.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Si makubwa. Nimeyasema, na nyumba bado imenyamaza, ingawa nilidhani pengine itajibu.

Baba, jana nilikuwa na maneno na sikusimama. Waliponigeukia nilivuta buibui nikatazama chini. Wamesema utaitishwa mkutano mwingine Kilifi, mbele ya wakubwa zaidi. Nakuahidi nitaliendesha gari mpaka huko, na safari hii sitakaa nyuma ya akina mama. Nitasimama, nami nitasema mimi ni binti wa nani.

Mungu awalaze pema, wewe na mama. Naona giza linaanza kuingia. Naenda kufunga milango, yote miwili, kazi iliyokuwa yako.

Mwanao,
Rukia